Nyumba huila biashara: ushauri kwa anayeanza kufanyia kazi nyumbani

Mwanzisha uzi

Ndugu wasomaji,

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikishona nguo za wateja nikiwa nyumbani kwangu, na katika muda huo nimewaona wenzangu wengi wakianza biashara za namna hii, wengine kwa ususi, wengine kwa kutengeneza vifaa vilivyoharibika, kufundisha, kufasiri maandishi au kuuza rejareja bidhaa walizonunua kwa jumla. Wengi wameacha. Ninapokaa nao na kuwauliza kilichowasibu, ni wachache mno wanaotaja kukosa ufundi, wala si wote waliokosa wateja. Wanasimulia mambo madogo madogo ambayo, ukiyaunganisha, yanaonesha kwamba nyumba iliila biashara. Leo fedha ya kununulia kitambaa inalipia bili ya maji, kesho meza ya kukatia inageuka meza ya watoto kufanyia kazi za shule, keshokutwa saa mbili za kazi zinakwenda kwa mgeni aliyepita kusalimia, na kwa kuwa hakuna aliyekusudia ubaya, hakuna anayetambua kwamba kuna kitu kimechukuliwa.

Duka lina kuta zake na mlango wake, na jioni mlango huo hufungwa. Biashara ya nyumbani haina mlango wake, kwa hiyo mpaka lazima uchorwe na mwenyewe, kila siku, mbele ya watu anaowapenda. Nimefungua uzi huu ili nieleze namna ninavyouchora wangu, na ninawaomba wenye uzoefu wa kazi nyingine waongeze ya kwao. Nitaanza na fedha, kwa sababu ndiko nilikoumia.

Katika miezi minane ya kwanza niliweka fedha zote katika mkoba mmoja. Mteja akilipa, ziliingia humo; nyumbani kukipungua kitu, zilitoka humo. Cherehani haikupumzika, nami niliamini ninapata faida, mpaka nilipopokea kazi ya sketi 24 za kwaya moja, nikafungua mkoba ili nikanunue kitambaa, nikakuta hakuna hata nusu ya fedha iliyohitajika. Malipo ya awali ya kazi ile ile nilikuwa nimekwisha kuyalipia ada ya shule. Nilikopa kwa riba ili nifanye kazi ambayo mteja alikuwa amekwisha kuilipia nusu, na faida yote ya zile sketi ikaishia kwa mkopeshaji.

Tangu hapo fedha za biashara zina makazi yao. Anayeweza kufungua akaunti ya pili, au kuwa na laini ya pili ya simu kwa ajili ya malipo peke yake, na afanye hivyo kabla hajapata hata mteja mmoja. Asiyeweza, mikoba miwili inayokaa sehemu mbili tofauti itamfaa. Kila fedha inayotoka kwa mteja huingia kwanza upande wa biashara. Mimi mwenyewe hujilipa mshahara, kwa tarehe moja kila mwezi na kwa kiasi kilekile, ambacho mwanzoni kilikuwa kidogo kiasi cha kuona aibu kukitaja. Nyumba ikipatwa na shida kabla ya tarehe hiyo, nyumba inakopa kutoka kwenye biashara, na deni linaandikwa daftarini kama ningemwandika mtu mwingine yeyote, pamoja na siku ya kulirudisha. Mume wangu aliona jambo hili ni ukali usio na sababu, hadi mwisho wa mwaka nilipomwonesha orodha ya madeni ya nyumba, yote kwa mwandiko wangu, akaona mwenyewe ni kiasi gani kingepotea bila habari.

Jambo la pili ni saa. Huku ndiko watu wengi wanakojipunja bila kujua, na ninawaomba mnivumilie nieleze kwa hesabu. Tuseme gauni moja lenye bitana ninaliuza kwa fedha 100. Kitambaa, bitana, uzi na zipu ni 45. Umeme, sindano na mafuta ya cherehani ni 5. Nauli ya kwenda kununua vitu na kumpelekea mteja ni 6. Jumla ni 56, na ninabaki na 44 kama ujira wangu. Kwa miaka miwili niliamini kwamba gauni la aina hiyo linanichukua saa nne, yaani napata 11 kwa saa, na nilikuwa nimeridhika. Kisha siku moja nikaweka saa ya ukutani mbele ya cherehani na kuandika kila hatua: kumpima mteja na kuzungumza naye, dakika 50, kuchora kwa chaki na kukata, saa moja na robo, kushona gauni na bitana, saa mbili na nusu, zipu peke yake, ambayo niliifumua mara moja na kuirudia, dakika 40, pindo la mkono, dakika 45, pasi, dakika 20, mteja kuja kujaribisha, kisha kumbana kidogo kiunoni, dakika 40. Jumla ikawa saa saba. Gawanya 44 kwa 7, utapata 6 na ushei. Saa tatu kamili nilikuwa nikizitoa bure katika kila gauni, hasa kwa sababu kumpima mteja, kupiga pindo na kumjaribisha sikukuhesabu kuwa kazi.

Hesabu haiishii hapo. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki huhesabu saa 160 kwa mwezi, na akihitaji kupata 1,000 kwa mwezi husema kwamba saa moja ni 6.25. Lakini saa 160 hazishonwi zote. Kuna kufuata vitu, kujibu simu, kupeleka mizigo, kuandika daftari, kusafisha na kupaka cherehani mafuta, na siku ambazo mteja hakuja. Nilipohesabu zangu nilikuta saa ninazoweza kumtoza mteja ni kama 100 tu kwa mwezi, kwa hiyo saa moja lazima iniingizie 10. Saa saba ni 70, ongeza gharama 56, na lile gauni la 100 bei yake halali ni 126. Nilipandisha bei kwa wateja wapya kwanza, kisha kwa wale wa zamani. Wachache waliondoka, na muda waliouacha ukajazwa na waliokuwa tayari kulipa.

Kuhusu mahali nitasema machache. Hakuna lazima ya kuwa na chumba kizima, ila kuna lazima ya kuwa na eneo ambalo halibadiliki kazi. Mwanangu alipokuwa na miaka minne alimwaga wino juu ya kitambaa cha mteja kilichokwisha kukatwa, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa jana yake palepale nilikuwa nimemwachia achore picha. Nililipa kitambaa, nikalipa na imani ya mteja, ambayo ilichukua muda zaidi. Sasa kitambaa cha mteja hulala ndani ya sanduku lenye kifuniko, na juu yake pana karatasi ya jina, vipimo na tarehe ya kuchukuliwa.

La mwisho kwa leo ni kwa wale ambao hawajaanza kabisa. Kabla ya kununua mashine, uzia watu watatu wasiokujua. Ndugu na marafiki hununua kwa kukutia moyo, na sifa zao, ingawa ni za upendo, hazikuambii kama bidhaa yako inatakiwa. Mtu asiyekujua akilipa bei kamili kisha akarudi mara ya pili bila kuitwa, hapo una jambo la kujengea.

Mchangiaji wa kwanza

Dada mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo haya ya kina. Mimi ninajua kazi ya ngozi, na nimekuwa nikitengeneza mikoba na mikanda kwa ajili ya watu wa karibu. Sina mtaji wa kutosha. Mfanyabiashara mmoja amependekeza anipatie ngozi, gundi na nyuzi kwa mali kauli, nami nifanyie kazi nyumbani, kwa sharti kwamba mikoba yote nimuuzie yeye kwa bei atakayoipanga. Nimevutiwa, kwa sababu sitatoa fedha yoyote mfukoni na soko ninalo tayari. Je, wewe ungekubali?

Mwanzisha uzi

Kaka, swali lako ni zito kuliko unavyolidhani, na ninafurahi umeuliza kabla ya kutoa neno lako.

Kwanza, jambo hilo si mali kauli. Katika mali kauli unachukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa ukiisha kuziuza, na mnunuzi unamtafuta wewe na bei unaipanga wewe. Hapo ulipoelezwa, anayekupa ngozi ndiye anayenunua mkoba na ndiye anayetaja bei, kwa hiyo ncha zote mbili za kamba anazishika yeye. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus alikutana na watu waliokuwa wakitengeneza vigoda vya mianzi nyumbani kwao chini ya mpango kama huo. Walikopeshwa fedha ya mianzi na mfanyabiashara, wakamrudishia vigoda kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na baada ya siku nzima ya kazi walibaki na faida isiyotosha hata kununua mianzi ya kesho. Waliokuwa katika madeni ya namna hiyo pale kijijini walikuwa 42, na fedha iliyohitajika kuwatoa wote ilikuwa dola 27 za Kimarekani. Kutokana na tukio hilo ilizaliwa kazi iliyokuja kuwa Benki ya Grameen mwaka 1983. Nimeitaja habari hii kwa sababu ya ukubwa wa kile kiasi: watu walikuwa wamefungwa na fedha ndogo sana, na sababu ya kufungwa ni kwamba hawakuwa na pa kununulia wala pa kuuzia isipokuwa kwa mtu mmoja.

Pili, kuna tofauti kati ya kuwa na biashara nyumbani na kuajiriwa nyumbani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 mwaka 1996 kuhusu kazi za ujira zinazofanyiwa nyumbani, na mkataba huo unamhesabu kuwa mfanyakazi yule anayetengeneza nyumbani kwake bidhaa kwa maelekezo ya mwingine na kwa malipo, bila kujali ni nani aliyetoa vifaa, madhali hana uhuru na kujitegemea kiuchumi kunakotosha kumfanya mtu anayejitegemea. Kufanya kazi ya namna hiyo si aibu. Ila usiingie ukidhani wewe ni mwenye biashara ilhali umebeba hasara za mwenye biashara, yaani mkoba ukiharibika ni wako na wateja wakipungua njaa ni yako, huku ukipata ujira wa mtu wa kipande.

Mimi ningemjibu hivi: nichukue ngozi ya mikoba michache, nikuuzie sehemu ya mikoba hiyo kwa bei tutakayokubaliana kwa maandishi, na iliyobaki niuze mwenyewe. Akikataa kabisa, utakuwa umejua alichokuwa akikitaka. Na badala ya kutafuta mtaji wa mikoba 30, tafuta wa mikoba miwili, uombe kwa kila mteja kianzio kinachotosha kununua ngozi yake. Mteja asiyetaka kutoa hata fedha ya ngozi ya mkoba wake mwenyewe, aghalabu ndiye atakayekusumbua siku ya kuuchukua.

Mchangiaji wa pili

Ninaomba kutofautiana nawe kwa heshima juu ya bei. Mimi huuza mashuka na mapazia niliyonunua kwa jumla, na uzoefu wangu ni kwamba bila kupunguza bei huwezi kuishi. Nanunua kwa 70, naongeza asilimia 30 yangu, na mtu akiomba nimpunguzie kumi nampunguzia, kwa kuwa bado ninabaki na asilimia ishirini. Isitoshe, wengi wa wanaokuja nyumbani ni ndugu na majirani, na mtu hawezi kumkatalia shangazi yake.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ninaheshimu uzoefu wako, na suala la shangazi nitalirudia. Lakini hebu tuzipitie hesabu zako pamoja, kwa sababu ninaamini unapata kidogo kuliko unavyofikiri. Ukinunua kwa 70 na kuongeza asilimia 30 ya hiyo 70, bei yako ni 91. Faida yako ni 21, nayo ni asilimia 23 tu ya bei unayouzia. Ukimpunguzia mteja asilimia kumi ya 91, anakulipa 81.90, na faida inabaki 11.90. Umepunguza bei kwa sehemu moja katika kumi, lakini faida imepungua karibu nusu. Hata kama bei yako ingekuwa 100 kamili, na faida yako 30, punguzo la kumi lingekuacha na 20, na ili upate kile ulichokuwa ukikipata ungelazimika kuuza mashuka matatu kila mahali ulipouza mawili. Jiulize kama punguzo lako huleta kweli wateja nusu zaidi. Likileta, endelea nalo. Kwa wengi wetu halileti. Linawapa tu nafuu wale ambao wangenunua vilevile.

Ukitaka kumpa mtu nafuu, nafuu na iambatane na kitu anachokupunguzia nawe: achukue mashuka manne kwa pamoja, alipe yote papo hapo, au ayafuate mwenyewe ili usitoe nauli.

Sasa kuhusu shangazi. Mimi pia nina shangazi, na ninampenda. Nilichofanya ni kutenga zawadi. Kila mwaka kuna idadi ya nguo ninazoshona bila malipo kwa ajili ya ndugu, ninaiandika mwezi wa kwanza kama gharama, na ndugu akija ninamwambia kwa furaha kwamba hii ni zawadi. Idadi hiyo ikiisha, bei ni moja kwa wote. Zawadi inaonekana na inashukuriwa, ilhali bei ya ndugu haishukuriwi na mtu, kwa kuwa kila mmoja huamini kwamba hiyo ndiyo bei ya kawaida na huenda akaitangaza kwa majirani.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa usalama na sheria, ambao haujaguswa. Ninatengeneza redio, runinga na pasi nikiwa katika chumba cha nyuma.

Nyumba nyingi zilijengwa kwa matumizi ya kawaida ya umeme. Cherehani ya nyumbani huvuta takriban wati 100 tu, lakini pasi huvuta kuanzia wati 1,000 hadi zaidi ya 2,000, na mafundi wengi huviunganisha vyote katika waya mmoja wa kurefushia ulioviringishwa chini ya meza. Gawanya wati kwa volti utapata ampea: pasi ya wati 2,000 penye volti 230 huvuta karibu ampea 9, na kifaa cha wati hizohizo penye volti 120 huvuta karibu ampea 17. Soma ampea zilizoandikwa kwenye waya wako kabla ya kuongeza kifaa cha pili, na waya uliobeba mzigo mkubwa usiuache umeviringishwa, kwa sababu joto lake halina pa kutokea. Nimeletewa vifaa vilivyoungua kwa sababu hiyo hiyo, na mwenye kifaa kimoja kati ya hivyo alipoteza chumba kizima.

Katika sheria, ni vizuri kuuliza mambo manne kabla ya kuanza: kama eneo lako linaruhusu biashara ndani ya makazi, kama kazi yako inahitaji leseni au ukaguzi, namna mapato yako yatakavyotozwa kodi, na kama mkataba wa upangaji unakataza. Mwenye nyumba akigundua kwa kusimuliwa na majirani, mazungumzo huwa magumu. Aliye na bima ya nyumba naye asome vipengele vyake, kwa kuwa mikataba mingi ya bima ya makazi haifidii bidhaa za biashara wala mali ya wateja mpaka ziongezwe kwa maandishi.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana, kaka. Nimeamka na kuukunjua waya wangu baada ya kusoma haya. Nitaongeza jambo moja tu juu ya majirani: tangu nilipowaeleza kwamba cherehani huanza saa mbili asubuhi na kunyamaza saa moja jioni, malalamiko yamekwisha, na wawili kati yao wamekuwa wateja.

Mchangiaji wa nne

Dada, mimi nimeajiriwa mchana na usiku ninafasiri nyaraka nyumbani. Nakiri kwamba suala la daftari linanishinda. Nilinunua daftari zuri lenye safu nyingi, nikaliandika wiki tatu, kisha nikachoka. Na kuna jambo jingine linalonitatiza: mwaka huu nimepata kazi nyingi kuliko mwaka jana, lakini mara tatu nimeshindwa kulipia intaneti. Sielewi inakuwaje kazi iongezeke na fedha ikosekane.

Mwanzisha uzi

Maswali yako mawili yana jibu moja, kwa hiyo nitayajibu pamoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hawakusema daftari liwe na safu ngapi. Nafikiri ulichoka kwa sababu ulitaka kuandika hesabu safi tangu mwanzo. Mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli, alipochapisha mjini Venice mwaka 1494 maelezo ya namna wafanyabiashara wa huko walivyoweka hesabu zao, alitaja madaftari matatu, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa daftari la papo kwa papo, la kuandikia kila jambo lilivyotokea kabla halijapangwa. Mimi ninalo la namna hiyo, dogo la kuingia mfukoni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Ninaandika tarehe, nani, kitu gani, fedha imeingia au imetoka, basi. Jumamosi jioni, kwa nusu saa, ninayahamishia katika daftari kubwa. Ukikosa wiki moja ya kuhamisha hupotezi kitu, mradi lile dogo limeandikwa.

Katika daftari kubwa, acha ukurasa mmoja kwa ajili ya fedha ambazo hazijaja. Hapo ndipo utakapoona kilichokusibu. Kazi ukiimaliza leo, mteja akalipa baada ya siku 60, katika siku hizo zote umekwisha kulipia umeme, intaneti na chakula cha nyumbani kutoka mahali pengine. Kazi zikiongezeka, na gharama za kuzifanya huongezeka leo, ilhali malipo yake yanaongezeka baada ya miezi miwili. Mtu anaweza kuwa na faida kubwa karatasini na asiwe na nauli. Andika katika ukurasa huo jina la mteja, kiasi, tarehe uliyokabidhi kazi na tarehe mliyokubaliana kulipwa, na siku tatu kabla ya tarehe hiyo mpelekee ujumbe wa heshima wa kumkumbusha. Anayekumbushwa mapema haoni kuwa anadaiwa. Kwa nyaraka ndefu, gawa malipo: theluthi kabla ya kuanza, theluthi katikati, theluthi kabla ya kukabidhi kurasa za mwisho. Kwa mteja mpya ningesimama juu ya hilo bila kuyumba.

Kwa kuwa bado umeajiriwa, una nafasi ambayo mimi sikuwa nayo. Usiguse mapato ya usiku mpaka yatimize gharama za miezi mitatu za kazi yako hiyo. Na uupe usiku mpaka wake pia, saa ya kufunga iwe ni ya kufunga, kwa sababu mfasiri aliyechoka hukosea tarakimu, na kosa la tarakimu katika nyaraka ya mtu ni jambo kubwa.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, nimerudi kutoa taarifa. Yule mfanyabiashara nilimpelekea pendekezo kama ulivyonishauri, akacheka, akaniambia ama yote ama basi. Nimemshukuru nikaondoka. Nimepata wateja wawili, mmoja simjui kabisa, na wote wametoa kianzio cha kutosha ngozi. Mikoba hii miwili nitaanza kuikata kesho asubuhi. Kuna jambo ungeniambia kabla sijaanza?

Mwanzisha uzi

Hongera sana, kaka, na hasa kwa huyo usiyemjua. Nimefurahi kweli. Kianzio chao kiweke peke yake hadi ngozi inunuliwe, na risiti uibandike daftarini. Kisha tafuta saa, uiweke mezani mbele yako, na kabla ya kugusa kisu uandike ni saa ngapi.